Je, Kaburi la Mzazi Lijengewe?

Liko swali moja ambalo huwafikia wengi walioingia katika Uislamu wakiwa watu wazima, hasa katika nyanda za kati za Tanzania. Swali hili halihusu sala wala saumu, maana mambo hayo hufundishwa tangu siku za kwanza. Lenyewe huja siku ambayo mtu hakujiandaa kujibu lolote, yaani siku ya msiba. Mzazi amefariki na amezikwa. Baada ya siku chache ukoo wakaa kitako na kushauriana juu ya kaburi lake.

Tuchukue mfano. Marehemu alikuwa mtu mwenye mali. Alikuwa na ng'ombe huko Bahi na duka katika mji wa Dodoma. Aliingia Uislamu uzeeni kwa kumfuata mwanawe. Sasa wazee wa ukoo wasema kwamba mtu wa heshima kama yeye hawezi kuachwa chini ya tuta la udongo. Jirani yake alijengewa kaburi la marumaru, lenye paa la bati na uzio wa chuma; je, huyu awe duni kuliko jirani? Kwa hiyo washauri kwamba ng'ombe kumi wauzwe, saruji na vigae vinunuliwe, na fundi aitwe. Kijana asema dini yake haimruhusu kujenga juu ya kaburi. Hapo wamwuliza swali linalochoma kama mkuki: "Ni dini gani hiyo inayomfundisha mtoto kumtupa baba yake?"

Katika somo hili tutalijibu swali hilo. Hatutalijibu kwa ukali, kwa kuwa wanaouliza hivyo si maadui. Ni watu waliofiwa. Tutalijibu kwa historia, kwa mafundisho ya Mtume Muhammad s.a.w., na kwa kuonyesha jambo lililo bora zaidi ambalo mtoto aweza kumtendea mzazi wake aliyetangulia.

MALI ILIYOPITA UGOGO

Kwanza tutazame kisa kimoja cha historia, ambacho mzizi wake uko katika nyanda hizi hizi za kati.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo mali yote iliyotoka bara kwenda pwani ilipita kwa miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka jangwa la Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikakata pori la Mgunda Mkali hata kufika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu mabegani. Watemi wa Ugogo walitoza hongo ya nguo na shanga kwa kila msafara, na maji nayo yalikuwa na bei yake, kwa maana katika nchi hii mwenye kisima ndiye mwenye nguvu. Pamoja na pembe walipita pia binadamu waliofungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa.

Wengi hawakufika. Kiu, njaa na ndui viliwaangusha njiani, na wasafiri wa karne ile waliandika kwamba waliona mifupa ya watu kando ya njia. Hakuna ajuaye majina yao, wala hakuna jiwe linaloonyesha walipolala.

Faida ya biashara hiyo iliteremka pwani, ikavuka bahari, ikafika Unguja. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, aliyehamishia kiti chake katika kisiwa hicho katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ushuru wa forodha, pembe, watumwa na mikarafuu viliufanya ukoo wake kuwa tajiri kupita koo zote za pwani ya Afrika Mashariki.

JENGO LISILOMALIZWA

Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa baharini katika safari ya kurudi Unguja kutoka Oman. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye, aliuteremsha mwili usiku na kuuzika Makusurani, katika makaburi ya ukoo yaliyo karibu na jumba la kifalme la pwani, mahali paitwapo leo Mji Mkongwe. Ndivyo alivyozikwa mtawala ambaye jina lake lilijulikana tangu Maskati hadi maziwa makuu: usiku, kwa haraka, ndani ya udongo kama kila mwanadamu.

Mtoto mwingine, Seyyid Majid, ndiye aliyeshika utawala wa Unguja tangu mwaka 1856 hadi 1870. Huyu alianza kumjengea baba yake jengo la fahari juu ya kaburi. Fedha ilikuwepo, na mafundi walikuwepo. Lakini watu wa madhehebu ya Ibadhi waliokuwa wakishikilia dini kwa nguvu walipinga, wakisema kwamba jengo la namna hiyo juu ya kaburi halipatani na dini. Jengo halikumalizwa. Hata baadaye, alipotawala Barghash (1870–1888), ambaye alipenda sana ujenzi na ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jengo la kaburi la baba yake lilibaki vile vile bila kumalizika.

Ndugu msomaji, hatukitaji kisa hiki kwa kumlaumu marehemu yeyote. Hesabu ya Seyyid Said iko kwa Mola wake, na bila shaka Majid alianza kujenga kwa mapenzi ya mtoto kwa baba. Lakini kisa hiki kina mafunzo mawili.

Funzo la kwanza ni kwamba katazo la kujenga juu ya makaburi si jambo lililozushwa na Waahmadiyya, wala si la wageni. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, hapa hapa Afrika Mashariki, Waislamu wa madhehebu mengine kabisa walisimama mbele ya sultani na kumwambia kwamba mali yake haiwezi kuhalalisha jambo hilo. Kama sultani aliambiwa hivyo, mwenye ng'ombe kumi asione haya kuyatii mafundisho hayo hayo.

Funzo la pili ni kwamba fahari ya dunia haina mlinzi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga Unguja, na jumba la kifalme likaharibiwa. Tarehe 12 Januari 1964 utawala wa ukoo ule ukapinduliwa. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliishi Uingereza kwa miaka mingi, akarudi Oman mwaka 2020, na akafariki huko tarehe 30 Desemba 2024, mbali na makaburi ya babu zake. Beit al-Ajaib yenyewe, nyumba ya walio hai, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ikiwa majumba ya masultani yameanguka, vigae vya kaburi la Bahi vitasimama kwa muda gani?

Na tufikiri jambo moja zaidi. Mpagazi aliyeanguka Marenga Mkali asiye na jiwe wala jina, na mtawala aliyeanzishiwa jengo la fahari Makusurani, wote wawili wamo katika elimu ya Mungu kwa kadiri moja. Mungu hahitaji jengo ili amjue mja wake alipo.

MTUME S.A.W. ALIFUNDISHA NINI?

Katika mkusanyo wa Hadithi wa Imamu Muslim, sahaba Jabir r.a. aeleza kwamba Mtume s.a.w. alikataza mambo matatu juu ya makaburi: kuyapaka chokaa, kuyakalia, na kujenga juu yake. Tuyatazame vema makatazo haya. La kwanza na la tatu lazuia kulitukuza kaburi kupita kiasi. La pili lazuia kulidharau. Uislamu wapita katikati. Kaburi si mahali pa kukanyagwa na kukaliwa, wala si mahali pa kutukuzwa.

Je, kuweka alama kumekatazwa? La. Alipozikwa Uthman bin Madhuun r.a., Mtume s.a.w. mwenyewe alichukua jiwe akaliweka upande wa kichwa cha kaburi, ili alitambue kaburi la ndugu yake na awazike karibu naye wengine wa jamaa zake. Basi jiwe la kutambulisha ni sunna; jengo la kujionyesha si sunna.

Kurani Tukufu nayo, katika sura ya 102, yawakemea watu ambao kushindana kwao kwa wingi wa mali huwashughulisha mpaka wafike makaburini. Kila mmoja aliyepata kusikia mashindano ya koo mbili juu ya kaburi lipi lina vigae vizuri zaidi ataelewa kwamba mashindano hayo yaweza kuendelea hata baada ya kufika huko.

Katazo hili lina hekima nyingi, tutaje tatu.

1. Kulinda imani ya Mungu Mmoja. Mtume s.a.w., katika maradhi ya mauti yake, aliwaonya umati wake dhidi ya mwendo wa watu waliogeuza makaburi ya manabii wao kuwa mahali pa ibada. Mambo haya huanza kwa heshima, yakaendelea kwa fahari, yakaishia kwa kumwomba maiti. Anayekata mzizi hana haja ya kupambana na matawi.

2. Kulinda usawa wa wanadamu. Katika sala, tajiri na maskini husimama safu moja. Katika Hija huvaa vazi moja. Katika sanda hufungwa nguo zisizo na mifuko. Yawaje basi ubaguzi urudi katika kaburi, pale ambapo hakuna tena duka wala zizi?

3. Kulinda haki za walio hai. Hili wengi hawalifikirii. Mtu akifariki, mali yake haibaki kuwa yake. Sheria ya Kiislamu imeweka utaratibu: kwanza gharama za mazishi kwa kiasi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ni mali ya warithi. Mke mjane ana fungu lake, ambalo ni thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto. Wazazi wana lao. Wana na mabinti wana lao. Wale ng'ombe kumi waliotakiwa kuuzwa si ng'ombe wa marehemu tena. Wamo ng'ombe wa mjane, na huenda wamo ng'ombe wa mtoto mdogo asiyeweza kusema neno katika kikao cha wazee. Kurani Tukufu, katika Suratun Nisaa, yaeleza kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hakika wala moto matumboni mwao. Ni hatari iliyoje kumjengea baba kaburi kwa mali iliyonyang'anywa watoto wake mwenyewe!

Tukumbuke pia mfano wa Khalifa wa kwanza wa Mtume, Hazrat Abubakar r.a. Alipokuwa akikaribia kufa, aliagiza azikwe katika nguo aliyokuwa ameivaa, ikaoshwe na kuongezewa nyingine. Alipoambiwa kwamba nguo hiyo ni kuukuu, alijibu kwamba aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya kuliko maiti. Huyo alikuwa mkuu wa dola nzima.

KUBA YA MADINA NA TAJ MAHAL

Mwulizaji atasema: "Mbona kaburi la Mtume s.a.w. huko Madina lina kuba ya kijani? Na mbona Waislamu wa India walijenga Taj Mahal?"

Swali ni la haki, na jibu lake ni jepesi. Hakuna aliyejenga nyumba juu ya kaburi la Mtume s.a.w. Alizikwa ndani ya chumba cha mkewe, Hazrat Aisha r.a., mahali pale pale alipofia; chumba kilikuwepo kabla ya kaburi. Kuba iliwekwa karne nyingi baadaye, mwaka 1279, kwa amri ya Sultani Qalawun wa Misri, na ilipakwa rangi ya kijani katika mwaka 1837. Masahaba hawakuijenga, wala hawakuiagiza. Tendo la wafalme waliokuja zaidi ya miaka mia sita baadaye haliwezi kuwa sheria.

Ama Taj Mahal, ilijengwa na mfalme Shah Jahan kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631. Ni jengo zuri, na dunia yote yalistaajabia. Lakini uzuri wa jengo si hoja ya dini. Na tazama ajabu: mwana wa Shah Jahan, mfalme Aurangzeb, aliyefariki mwaka 1707 baada ya kutawala nchi kubwa kuliko ya baba yake, alizikwa huko Khuldabad katika kaburi la wazi, lisilo na kuba. Baba na mwana, ukoo mmoja, utajiri mmoja. Mmoja alifuata mapenzi ya moyo, mwingine alichagua udongo na mbingu.

MVUA HAITOKI KABURINI

Kwa wasomaji wetu wa Ugogo na Unyamwezi liko jambo jingine la kueleza waziwazi. Desturi za mababu ziliyaunganisha makaburi na matambiko. Mvua ikikosekana, wazee walikwenda kuwaomba waliotangulia. Katika nchi kavu kama Dodoma, ambapo mvua hunyesha miezi michache tu ya mwaka na mara nyingi kidogo, hofu ya ukame si hofu ya mchezo. Hivyo kaburi linapojengwa vizuri, haikawii kuonekana kwamba ni kama mlango wa kupelekea haja.

Uislamu wafundisha nini wakati wa ukame? Iko Sala ya Istiskaa, yaani sala ya kuomba mvua, ambayo Mtume s.a.w. aliisali pamoja na watu uwanjani. Na uko mfano ambao kila mtu wa nyanda za kati yampasa aukumbuke. Katika ukhalifa wa Hazrat Umar r.a. ukame mkali uliishika Arabia. Kaburi la Mtume s.a.w. lilikuwa Madina, hatua chache tu kutoka pale Umar aliposali kila siku. Kama maiti angeombwa mvua, ni nani bora wa kuombwa kuliko yeye? Lakini Umar alimwendea Hazrat Abbas r.a., ami yake Mtume, aliyekuwa hai, akamtaka awaombee kwa Mwenyezi Mungu. Masahaba wote walikuwepo, wakaafiki. Basi mambo yakawa dhahiri: walio hai ndio wanaowaombea wafu, wafu hawaombwi.

Kwa sababu hiyo hiyo sisi Waahmadiyya, ingawa twaamini kwamba Nabii Isa a.s. alifariki kama manabii wengine na kwamba kaburi lake liko mtaa wa Khanyar, mjini Srinagar, nchini Kashmir, hatuendi huko kumwomba haja. Kaburi lile kwetu ni ushahidi wa kufariki kwake, nalo lawakumbusha watu wasimwabudu aliyekufa.

MAKABURI YA QADIAN

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliandika kitabu kiitwacho Al-Wasiyyat mwezi Desemba 1905. Humo alianzisha utaratibu wa makaburi yaitwayo Bahishti Makbara katika kijiji cha Qadian, nchini India. Mtu anayetaka kuzikwa hapo hatakiwi kuleta marumaru. Atakiwa awe mcha Mungu, mwenye kujiepusha na ushirikina na mambo yaliyokatazwa, na kuusia angalau sehemu moja ya kumi ya mali yake kwa ajili ya kueneza Uislamu na kuwasaidia wenye haja. Wala asizidishe theluthi moja.

Kipimo cha theluthi hakikubuniwa Qadian. Sahaba Saad bin Abi Wakkas r.a. alipokuwa mgonjwa alitaka kuusia mali yake yote kwa njia ya Mungu. Mtume s.a.w. alimruhusu theluthi tu, na akasema kwamba hata theluthi ni nyingi, kwa kuwa ni bora kuwaacha warithi na kitu kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Tazama basi tofauti. Katika desturi ya kujengea makaburi, mali hutoka baada ya kifo, huenda kwenye saruji, na hakuna anayeshiba. Katika utaratibu wa Wasia, mali hutoka kwa hiari ya mtu mwenyewe, nayo huenda kwenye misikiti, vitabu, shule na matibabu. Na makaburi yenyewe ni ya udongo, yenye mawe ya majina. Seyidna Ahmad a.s. alifariki Lahore tarehe 26 Mei 1908, akazikwa Qadian siku iliyofuata. Na kaburi lake, ingawa ni la mwanzilishi wa Jumuiya iliyoenea duniani, halina kuba.

Lakini hata jiwe la jina lisitegemewe kupita kiasi. Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya wa Pakistani, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah. Juu ya jiwe lake yaliandikwa maneno ya kumtaja kuwa Mwislamu wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Kisha neno "Mwislamu" likafutwa. Jiwe laweza kufutwa na mkono wa mtu. Elimu aliyoiacha, na amali alizozitanguliza kwa Mola wake, hakuna mkono unaozifikia.

Na hapa kwetu, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Wanafunzi wangapi wamejifunza sheria za mashairi kwa kitabu chake! Wasomaji wangapi wamefaidika na tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili ya mwaka 1953, ambayo alimsaidia Sheikh Mubarak Ahmad kuitayarisha! Hayo ndiyo majengo yasiyohitaji chokaa.

BASI MTOTO AFANYE NINI?

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayowanufaisha watu, na mtoto mwema anayemwombea. Kumbe, ewe uliyefiwa, wewe mwenyewe umetajwa katika Hadithi hii! Baba yako hahitaji paa la bati, akuhitaji wewe.

Kwa hiyo yafaa kufuata mambo haya:

Kwanza, mkamilishie haki zake: kuoshwa, kuvikwa sanda, kusaliwa na kuzikwa kwa heshima, bila kuchelewesha na bila israfu.

Pili, weka jiwe la alama kichwani pa kaburi. Ikiwa mifugo huingia makaburini, shirikianeni na wenzenu kuweka uzio kuyazunguka makaburi yote, ya matajiri na ya maskini. Huko ni kuwahifadhi waliolala, na si kumtukuza mmoja.

Tatu, ulizeni madeni yake, mkayalipe. Mtume s.a.w. alilifanya jambo la deni la maiti kuwa kubwa sana. Kigae kimoja kabla ya deni kulipwa ni dhulma.

Nne, gawanyeni mirathi kwa haki, na mjane apewe fungu lake mkononi mwake.

Tano, zuru kaburi umwombee, ukakumbuke kifo chako. Kuzuru huko kumeruhusiwa na kuna faida.

Sita, toa sadaka kwa ajili yake, kwa mali yako mwenyewe na kwa kadiri ya uwezo wako. Na hapa pana mfano mzuri mno kwa watu wa nyanda za kati. Sahaba Saad bin Ubada r.a. alifiwa na mama yake. Akamwendea Mtume s.a.w. na kuuliza ni sadaka gani iliyo bora. Mtume s.a.w. akajibu kuwa ni maji. Saad akachimba kisima, akakitoa kwa jina la mama yake. Hakumjengea mama yake kuba; alimfanyia kisima.

Katika nchi ambayo misafara ya zamani ililipia maji kwa nguo na shanga, na ambayo hata leo wanawake wa vijiji vingi hutembea mbali wakiwa na ndoo kichwani, ni kumbukumbu gani itakayomzidi baba aliyetolewa kisima? Ikiwa kisima ni kizito kwa mtu mmoja, ndugu watatu washirikiane. Ikiwa hata hilo haliwezekani, panda mti wa kivuli penye shule, au nunua tangi la maji ya mvua kwa msikiti. Kila anywaye atasema, "Mungu amrehemu mwenye maji haya." Vigae havijapata kusema hivyo.

Sasa lile swali, "Ni dini gani inayomfundisha mtoto kumtupa baba yake?" lajibika. Wajibu wazee wako kwa upole na adabu. Waambie: "Wazee wangu, sikumtupa. Nimemlipia deni lake, nimemtunza mkewe, namwombea katika kila sala, na nimeazimia kutoa maji kwa jina lake. Nimekataa jambo moja tu, nalo ni lile lisilomfikia." Maneno hayo, yakifuatana na vitendo, huwagusa watu kuliko mabishano mengi. Yakiwa maneno matupu, bila deni kulipwa na bila sadaka kutolewa, basi wazee watakuwa na haki ya kukudhania kwamba umeikimbia gharama kwa kisingizio cha dini.

Na ikiwa mzazi wako alifariki katika dini yake nyingine, usigombane na ndugu zake juu ya kaburi lake. Wao wana haki ya kumzika kwa desturi yao. Hudhuria, wafariji, wasaidie katika chakula na kazi za msiba, bila kushiriki katika ibada isiyo yako. Kurani Tukufu, katika Suratu Lukman, yaagiza mtoto asiwatii wazazi wanaomtaka amshirikishe Mungu, na papo hapo yamwagiza akae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Hazrat Ali r.a. alimzika baba yake Abu Talib kwa maagizo ya Mtume s.a.w.; wema kwa mzazi hauishi kwa tofauti ya dini.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, wale wenye mawe ya majina na wale waliolala kando ya njia za zamani bila alama. Atujaalie kuwa watoto ambao dua zao zawafikia wazazi wao, na atuwezeshe kutumia mali zetu mahali zinapoweza kumnywesha mwenye kiu. Amin.